Shangazi Akagua Ngome

Ukimwambia mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, kwamba utampeleka kutazama ngome, atakutazama wewe kwanza. Shangazi yangu alikulia vichochoro viwili tu kutoka Ngomeni, na kwao Ngomeni hapakuwa mahali pa kulipia kiingilio. Hadi 1958 palikuwa jela. Yeye akiwa mtoto, akisusa uji, mamake alinyoosha kidole upande wa kuta zile bila kusema neno, na uji ukaisha. Baadaye jela ikawa makumbusho, watalii wakamiminika na kofia zao, naye akaendelea kupita chini ya ukuta uleule na kikapu chake akienda sokoni, bila kuinua kichwa. Ngome, kwa Shangazi, ni kitu cha kukupa kivuli saa nane za mchana, basi.

Kwa hiyo alipokuja London kututembelea sikuwa na nia ya kumwonyesha mawe. Ni yeye aliyeanza kuuliza bahari iko wapi. Nikampeleka Thames. Akautazama mto, akatazama ng'ambo, akauliza hii ndiyo yote? Nikamwambia huu ni mto. "Nimeuliza bahari, baba." Akishaniita baba kwa sauti ile najua subira imefika ukingoni.

Nikachagua Deal, mji mdogo wa pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kama saa moja na nusu kwa treni ya kasi kutoka St Pancras. Pana bahari, na kwa kuwa safari yenyewe ni ndefu kwa maji peke yake, pana ngome tatu ambazo Mfalme Henry wa Nane alizijenga kwa mkupuo mmoja, mwaka 1539 na 1540: Sandown, Deal na Walmer. Zilipangwa ufukoni, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Hizi nilizitaja kwa sauti ya chini.

"Ngome?" akasema Shangazi. "Nimetoka Mombasa kuja kuona ngome?"

Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeokoa jahazi. Akamwambia Bibi kwamba huyo mfalme alioa wake sita, na wawili akawakata vichwa. Shangazi akaomba koti.

Koti likawa mtihani. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, vuli imeshika, miti ya mtaani imebaki mifupa na upepo unajua njia ya kuingilia mikononi. Makoti ya mke wangu yote yalimfika Shangazi kiunoni, na Shangazi havai nguo ya kuishia kiunoni. La kwangu la heshima lilikuwa kwa dobi. Likabaki la kazini. Mimi kazi yangu ni ya ghala, na kampuni ilitugawia kila mmoja koti nene la manjano, lile la kukodolewa macho, lenye mikanda ya fedha inayowaka ikipigwa na taa. Lina mifuko saba na linafika magotini. Shangazi akalivaa juu ya buibui, akatumbukiza mikono mifukoni, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, akasema, "Hili ndilo." Mke wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia saa.

Na saa nazo zilikuwa na mambo yao. Usiku wa kuamkia Jumapili ile ndio usiku ambao Uingereza nzima hurudisha saa nyuma: ikigonga nane za usiku, inakuwa saba tena, watu wanalala saa ya ziada. Simu hujirekebisha zenyewe. Saa ya ukutani haijirekebishi. Ile ya jiko la umeme, ambayo hakuna aliyeigusa tangu Machi, asubuhi ile ilikuwa sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba, nayo ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeiamini. Ya Shangazi, mkononi, ilikuwa bado inasoma Mombasa.

"Nani kaichukua hiyo saa?" akauliza.

"Serikali. Iliichukua Machi, leo imerudisha."

Akafikiri. "Bila riba?"

"Bila riba."

"Basi hiyo ni halali." Lakini hesabu nyingine ikamkera. Jana yake tulikuwa tukipishana na Mombasa kwa saa mbili, leo kwa tatu. "Yaani tumezidi kwenda mbali na nyumbani," akasema, "na sisi tumelala."

Treni ilianza vizuri, ikaharibikia njiani. Kwanza ikapunguza mwendo, na sauti ikatangaza kwamba sababu ni majani. Shangazi alidhani Kiingereza kimempita. Nikamweleza kwamba vuli majani huanguka relini, magurudumu huyasaga hadi yakawa utando mweusi unaoteleza, breki zikakosa pa kushika, kwa hiyo madereva hutambaa. Na kwamba kuna treni maalumu ambazo kazi yake ni kuosha reli kwa maji ya kasi. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Reli yetu ilipokuwa ikijengwa pale Tsavo," akasema, "iliwahi kusimamishwa na simba, mwaka 1898. Simba, wala watu. Hawa wanasimamishwa na majani."

Kisha tukashushwa kabisa. Jumapili ni siku ya matengenezo, na kutoka kituo kile hadi Deal tungepelekwa kwa basi. Nje ya kituo hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Palikuwa na kibao chenye mshale ulioelekea ukutani, abiria wapata arobaini wenye masanduku na mbwa, na mvua ya rasharasha. Nikaenda na mwanangu kutafuta basi liko upande gani. Tulipogeuka tulikuta foleni. Foleni iliyonyooka, ya Kiingereza hasa, na mbele ya foleni amesimama Shangazi.

Ni koti, bila shaka. Mzee mmoja alimwendea akamwuliza, "Deal?" Shangazi, ambaye kweli alikuwa anakwenda Deal, akamjibu, "Deal." Mzee akasimama nyuma yake. Wa pili akauliza, akajibiwa vilevile, akasimama. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Waingereza wakiiona foleni hujipanga kwanza, sababu wataijua mbele ya safari. Basi lilipotokea lenyewe kwenye kona, Shangazi akainua mkono, likasimama miguuni pake, na hapo damu ya Mombasa ikamwamka. Miaka yote ile ya kupanda matatu za Likoni haikupotea bure. "Deal, Deal, Deal! Haya, ingieni, nyuma kuna nafasi!" Kiingereza chake ni cha shule ya zamani, kimenyooka, kina sauti ya mwalimu mkuu, na watu arobaini wakaingia bila ubishi, masanduku chini, mbwa magotini. Dereva akamwuliza kama wote wamekwisha ingia. Shangazi akachungulia barabarani, huku na huku, akapanda ngazi ya mlango, akapiga bodi ya basi makofi mawili. Tukaondoka.

Deal ikatupokea kwa upepo. Shangazi alishuka ufukoni kwa shauku, akapiga hatua ya kwanza, kifundo kikapinda. Ufuko wa Deal hauna mchanga. Ni mawe matupu, ya mviringo, ya ukubwa wa ngumi na kushuka, kuanzia ukuta wa barabara hadi majini, na ukitembea yanakimbia chini ya mguu yakipiga kelele. Bahari ilikuwepo, hilo hatukudanganywa, ya rangi ya kijivu na yenye hasira zake. Akasimama akiitazama kwa muda. "Mchanga wao wameupeleka wapi?"

Swali lile lina jibu. Kilomita chache kutoka pale, baharini, lipo fungu la Goodwin, mchanga wa urefu wa kama kilomita 16 ambao maji yakijaa hufunikwa, yakikupwa huibuka, na katikati ya mambo hayo umemeza meli zisizohesabika. Katika dhoruba ya 1703 manowari za Kiingereza zilivunjikia pale na mabaharia kwa mamia wakazama. Lakini fungu hilohilo likikaa vizuri huvunja mawimbi, na kati yake na ufuko wa Deal pana maji ambayo meli za matanga zilitia nanga, wakati mwingine kwa mamia, zikingoja upepo. Nilipofika hapo Shangazi alitikisa kichwa kwa kuelewa. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa habari za majahazi kungoja kaskazi. "Kumbe mchanga upo," akasema. "Wameuweka nje, wageni wakwame."

Tulikaa ukutani tukafungua vyakula. Alikuwa amekaanga mahamri alfajiri, na mbaazi za nazi akazitia kwenye mkebe, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Kuhusu yaliyotokea sitasema mengi. Mombasa tuna kunguru, na kunguru ana adabu yake: hutua mbali, hukusoma uso, husogea akijifanya ana safari nyingine. Shakwe wa Deal hana muda wa hayo. Alikuja kutoka nyuma ya sikio langu, akachukua hamri mkononi mwa mwanangu, na kabla hatujapumua wenzake walikuwa wamepata habari. Shangazi alifunika mkebe kwa mikono miwili na kuukalia. Mbaazi zilinusurika. Zilinusurika zikiwa bapa.

Ngome ya Deal huioni mpaka uifikie. Nilitegemea minara, bendera, ukuta wa kupasua mawingu. Kumbe ni kitu kifupi kilichochuchumaa ndani ya handaki lake, kana kwamba kinakwepa kitu. Na kweli kinakwepa. Ilijengwa zama za mizinga, na ukuta mrefu ni shabaha. Kwa hiyo waliifanya fupi, nene, ya duara tupu: katikati mnara wa mviringo, kuuzunguka buruji sita za nusu duara, kisha nyingine sita kubwa nje yake, hata ukiitazama kutoka juu ni ua lililochanua. Duara, walidhani, litafanya risasi za mizinga ziteleze.

Shangazi alitembea darajani akaikagua, mikono mifukoni. "Haina pembe," akasema.

Hapo, bila kujua, alikuwa ametia kidole penye donda. Waitaliano wakati huo walikuwa wamekwisha gundua kwamba ukuta wa duara una ubaya wake: mbele yake hubaki kipembe ambacho mlinzi hakioni wala hawezi kukipiga, na adui akifika hapo anaweza kukaa akanywa maji. Dawa yake ni buruji za pembe kali zinazolindana. Ngome yetu ya Mombasa, iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati kwa amri ya Wareno na kuanza kujengwa 1593, ni ya mtindo huo. Ya Deal ilizaliwa ikiwa imekwisha pitwa na wakati. Nilipomweleza hivyo, Shangazi aliinua kichwa na kuitazama ngome ile kwa huruma, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akijivunia Ngomeni tangu nimjue.

Ndani tukateremka kwenye njia inayozunguka chini kabisa, kwenye miguu ya ngome. Ni ya mtu mmoja mmoja, dari iko chini, giza, na kila baada ya hatua chache kuna tundu la ukutani ambapo askari alisimama na bunduki yake akilinda handaki. Mvua ilikuwa imeingia kabla yetu. Mwanangu akawasha tochi ya simu, tochi ikapiga mikanda ya koti, na Shangazi akawaka kuanzia mabega hadi magoti. Watu waliokuwa wakisitasita mlangoni wakaona taa, wakaona koti, wakafuata. Mbele tukakuta dimbwi. Shangazi akaliingizia ncha ya mwavuli kupima kina, akageuka, akatangaza, "Maji! Rudini!" Msafara mzima ukalazimika kugeuka palepale, kila mtu akigusana pua na aliyekuwa nyuma yake, wa mwisho wakawa wa kwanza, na mama mmoja aliyetuongoza kutoka nje, ambaye hakuwa ameona dimbwi wala chochote, alimshukuru Shangazi sana kwa kuwa mwangalifu.

Kutoka hapo hatukupumua. Kijana akamwuliza vyoo viko wapi. Alijua, kwa sababu alikuwa ametoka huko. Mama akamwuliza mlango ule mkubwa ni wa zamani kiasi gani, Shangazi akaupapasa, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasema, "Mti mgumu." Mama akaandika. Nilijaribu kumweleza kwamba huyu ni mgeni kama wao, lakini sikuwa na koti.

Kisha, tukiwa tumejibanza kwenye ukumbi wa juu kukwepa mvua, mwanangu akaanza kumsimulia Bibi habari za mfalme na wake zake, ndiyo sababu hasa ya yeye kuja. Ngome zile, nikachangia, zilitokana na talaka. Henry alitaka kumwacha mke wake wa kwanza, Catherine wa Aragon, Papa akakataa, Henry akajitenga na Papa na kumwacha mke vilevile. Sasa, Catherine alikuwa mama mdogo wa Karl wa Tano, kaisari aliyetawala Hispania na nusu ya Ulaya.

"Kamwacha mama mdogo wa mtu," Shangazi akasema polepole, akiutafuna uzito wa jambo.

Na 1538 huyo mpwa akapatana na mfalme wa Ufaransa, ambao siku zote walikuwa maadui. Henry akaona atavamiwa na wote wawili. Akavunja nyumba za watawa, akachukua mali na mawe yake, akajenga ngome pwani nzima. Uvamizi haukuja. Aliyekuja ni bibi harusi.

Hili ndilo nililolipenda kuliko yote siku ile. Desemba 27, 1539, ngome mbichi, Anne wa Cleves, binti wa kidola kimoja cha Ujerumani, alishuka hapo Deal baada ya kukwama siku nyingi ng'ambo ya pili, Calais, akingoja upepo. Akapokewa ngomeni, akapumzika, akaendelea na safari kwenda kuolewa. Henry alikuwa hajamwona. Mchoraji Hans Holbein alitumwa kumchora, picha ikapendeza, posa ikapita. Mshenga wa shughuli yote alikuwa waziri wake, Thomas Cromwell.

"Picha," Shangazi akasema, na akavuta kiti. Mume na mke wazee waliokuwa wakisoma maandishi ya ukutani wakasogea.

Mwanangu akaendelea. Siku ya Mwaka Mpya mfalme hakuweza kusubiri. Akajigeuza mavazi, akaenda Rochester alikolala bibi harusi, akaingia chumbani mwake kama mjumbe tu, atazame kama atamtambua kwa mapenzi. Anne alikuwa dirishani akitazama mchezo wa ng'ombe na mbwa uani. Akamwona jamaa mnene asiyemjua, akarudi kwenye dirisha lake.

"Vizuri sana!" Shangazi akapiga kofi la paja, na sasa alikuwa anazungumza Kiingereza, kwa sababu ukumbi umejaa. "Mwanamume anakuja kinyemela kabla ya nikaha, anategemea nini? Apewe sharubati?"

Henry hakumsamehe. Walioana Januari 6, 1540, na kufikia Julai ndoa ilibatilishwa. Shangazi akatangaza msiba kwa kelele ya ulimi. Anne, hata hivyo, hakubisha wala hakulia. Akasema sawa. Akapewa jina la dada mpendwa wa mfalme, akapewa majumba, likiwemo la Richmond na lile la Hever, akaishi kwa raha hadi 1557, akamzika mfalme na wake wenzake wote.

"Huyo," Shangazi akawaambia wale wazee, akiwanyooshea kidole, "ndiye mwanamke peke yake katika hadithi hii aliyefunzwa na mamake." Kisha likamjia jambo. "Na mshenga?"

Kukawa kimya. Mwanangu akapitisha kidole shingoni. Julai 28, 1540. Hesabu ya ndoa haikuwa kosa lake pekee, maadui alikuwa nao wengi, lakini ndoa ile ndiyo iliyomwachia mlango wazi; na siku hiyohiyo alipokatwa kichwa, Henry alikuwa anaoa mke wa tano. Shangazi, ambaye amekuwa mshenga wa nusu ya ndoa za ukoo wetu na mbili kati ya hizo zimevunjika kwa kishindo, alijishika koo kwenye kola ya koti. Hakuuliza tena kitu. Wale wazee wakampigia makofi. Yule bwana akamwuliza maelezo yajayo yanaanza saa ngapi.

Tulianza kutembea kwenda Walmer kwa njia ya ufukoni. Mwanangu alitaka kwanza tuone Sandown, upande wa pili, lakini Sandown haipo: bahari ilikuwa ikiila kwa muda mrefu, katika karne ya 19 mabaki yakauzwa yabomolewe, na leo pamebaki rundo la mawe lililopandwa maua. Shangazi alisema bustani anazo nyingi za kutazama. Nusu ya njia rasharasha ikageuka mvua yenyewe, ile ya vuli ya huku isiyoshuka bali inayokuja kwa ubavu, na mwavuli wangu ukapinduka, ukasimama na mbavu zake juu, ukakata tamaa. Tukaingia mkahawa wa kwanza tuliouona.

Mle ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Mwenyewe, amevaa skafu mbili, alipoliona koti mlangoni nusura alie. "Umekuja kwa ajili ya hita?"

Shangazi alikuwa ameloa miguu. Mtu kakutajia hita. "Ndiyo," akasema, "tafadhali."

"Tulikutegemea tangu asubuhi."

"Saa zimebadilishwa," Shangazi akajibu, na akafuata aelekezwapo.

Nilijaribu kuwahi, meza zikanizuia. Nilipofika chumba cha nyuma Shangazi alikuwa ameinama mbele ya hita kubwa ya umeme, mikono imenyooshwa, akisubiri joto lisilokuja. Akaigusa, baridi. Akaufuata waya kwa macho, nyuma ya friji, hadi ukutani. Soketi za Kenya na za Uingereza ni zilezile, za pini tatu nene, na kila moja ina swichi yake pembeni, na katika kila nyumba ya Mombasa kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupita usiku akizima swichi hizo ili umeme usiliwe bure. Nyumbani kwao ni yeye. Akaingiza mkono nyuma ya friji, tukasikia *ta*. Hita ikakohoa vumbi, ikawaka.

Mwenyewe alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza ni kiasi gani.

Nikamwambia hakuna malipo, huyu ni shangazi yangu, ni mgeni, koti ni langu. Nadhani alisikia nusu. Tulipewa chai ya bure na keki ya malenge, tukakaushwa mbele ya hita ile, na tukiondoka akatwambia kwamba mtu wa wiki iliyopita alisema itabidi kubadilisha mashine nzima.

Kwa sababu ya chai tulifika Walmer kumebaki muda mchache kabla ya kufunga. Ni ngome pacha mdogo wa Deal, petali nne badala ya sita, lakini maisha yake yalikwenda kwingine: ikawa makazi ya Msimamizi wa Bandari Tano, cheo cha kale cha pwani ile, na kila aliyekishika akaongeza chumba, pazia, waridi. Mtutu wa mzinga unachungulia, nyuma yake kuna zulia. Malkia Victoria na mumewe Albert walikaa hapo Novemba 1842. Duke wa Wellington, aliyemshinda Napoleon pale Waterloo 1815, alikishika cheo hicho tangu 1829 hadi alipofia humo Septemba 1852, na chumba chake wamekihifadhi: kiti cha mkono alichofia, na kitanda chembamba cha kambini ambacho Shangazi alikipima kwa shubiri akiwa nje ya kamba na kukiri kwamba hata mgonjwa asingelala.

Na ndani ya kioo zipo buti zake. Ni za ngozi, nyeusi, ndefu. Ndizo zilizolipatia jina buti la mvua katika Kiingereza, lile ambalo sisi tunaliita gambuti. Tukasimama mbele yake watatu, viatu vyetu vikitoa maji kwenye sakafu ya serikali. Mwanangu alisema anahisi samaki ndani ya soksi. Shangazi akaziangalia buti zile, zimekauka, zimepigwa rangi, hazina pa kwenda.

"Na kioo cha nini?" akasema. "Za kwetu ndizo zinazohitaji ulinzi."

Tulitoka saa kumi na nusu na kitu, na giza likawa limeanza kukaa barabarani. Hapo nikaishukuru kampuni yangu, maana kila gari lililotupita lilimwona Shangazi tangu mbali na kupunguza mwendo. Moja lilisimama kabisa kuuliza kama njia imefungwa. Alilipungia lipite.

Ndani ya treni akatoa simu akamrekodia dadake wa Kibokoni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mrefu, ukafika vituo viwili. Sikuingilia. Nilisikia kwamba ngome za Wazungu ni fupi na hazina pembe, kwamba vita vya miezi 33 kama vile vya Ngomeni, kuanzia Machi 1696 mpaka Waomani walipoingia Desemba 1698, hawa hawajapata hata kuviota, kwamba mfalme wao alikuwa fedhuli na mshenga wake masikini, kwamba watu wenyewe ni wazuri, wasikivu, ukiwaambia ingia wanaingia, ukiwaambia rudi wanarudi, na kwamba alifanya kazi tangu asubuhi bila kukaa.

Jibu likaja kabla hatujafika London. Abiria wote wa behewa walilisikia, ingawa nadhani ni sisi tu tulioelewa. Dadake alikuwa na swali moja: amelipwa ngapi?

Shangazi akanigeukia. "Baba, hiyo kampuni yako, Jumapili si hulipa mara mbili?"

Nikamwambia ni moja na nusu.

"Basi mwandikie bosi wako," akasema, akifungua zipu ya koti. "Na umwambie chakula cha mchana nilijitegemea."